Uwezekano na vigeu nasibu: andika jedwali kabla ya fomula

Kila muhula wa takwimu unapoanza, maswali yanayonifikia ni yale yale. "Hapa najumlisha au nazidisha?" "Huyu X ni nani hasa?" "Wastani umetokaje 0.75 wakati mtoto hagawanyiki?" Wanaouliza si wavivu. Wengi wamekariri fomula zote za kwenye notisi, na tatizo limeanzia hapo hapo: wameshika fomula kabla hawajaona ni vitu gani vinavyohesabiwa. Mwongozo huu unapita njia nyingine. Utaandika matokeo yote, utayapa uzito wake, utayapanga kwenye jedwali, na fomula itakuja mwishoni kama njia ya mkato tu.

Mfano wetu mkuu ni selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Nimeuchagua kwa sababu hesabu yake ni fupi, na kwa sababu Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na ugonjwa huo. Uwezekano ukieleweka vibaya hapa, kuna familia itakayoumia.

Unachohitaji kujua kuhusu selimundu ni kidogo. Kila mtu ana jeni mbili za hemoglobini, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Jeni ya kawaida tuiite A, ya selimundu tuiite S. Mwenye AA hana selimundu. Mwenye AS ni mbebaji: kwa kawaida haumwi, ila anaweza kumrithisha mtoto S. Mwenye SS ana ugonjwa. Mzazi wa AS humpa mtoto A au S kwa nafasi sawa. (Kama unajiuliza kwa nini jeni hii imeenea hivyo katika ukanda wetu, jibu ni malaria. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alichapisha ushahidi kwamba wabebaji wa AS wana kinga kiasi dhidi ya malaria.)

Kabla hujaanza

Uwe na:

- daftari na penseli. Usifanye hesabu hizi kichwani
- kikokotoo cha kisayansi chenye kitufe cha nCr
- sarafu moja. Shilingi 200 ya Tanzania inafaa, upande mmoja kichwa cha Karume, upande wa pili simba
- seti ya karata 52 bila jokeri, kama ipo nyumbani
- uwezo wa kujumlisha na kuzidisha sehemu bila kuogopa

Hilo la sehemu nalisisitiza. Fanya kazi yote kwa sehemu, ugeuze kuwa desimali kwenye mstari wa mwisho tu. Ukianza kukadiria katikati, jedwali lako halitafika 1 na hutajua kosa liko wapi.

Hatua ya 1: Andika matokeo yote yanayowezekana

Baba ni AS, mama ni AS. Mtoto anaweza kupata nini? Chora mraba wenye vyumba vinne. Juu andika jeni za baba, A na S. Pembeni andika za mama, A na S. Jaza vyumba: AA, AS, SA, SS. Hiyo ndiyo orodha ya matokeo yote.

Usiunganishe AS na SA kwa kuwa "ni kitu kile kile". Kwa daktari ni kitu kile kile. Kwako wewe unayehesabu ni njia mbili tofauti: S imetoka kwa mama, au imetoka kwa baba.

Hatua ya 2: Pima uzito wa kila tokeo

Kanuni ya kugawanya idadi ya matokeo unayoyataka kwa idadi ya matokeo yote inafanya kazi pale tu ambapo kila tokeo lina nafasi sawa na mwenzake. Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Mwanafunzi anaandika AA, AS, SS, anaona ni aina tatu, anasema nafasi ya SS ni 1/3. Si kweli. Vyumba vya mraba ni vinne, kila kimoja kina 1/4, kwa hiyo:

- AA: 1/4
- AS (pamoja na SA): 2/4
- SS: 1/4

Kosa hili limewapata hata wakubwa. Mwanahisabati Mfaransa d'Alembert, katika makala ya mwaka 1754, alidai kwamba ukirusha sarafu mara mbili nafasi ya kupata kichwa angalau mara moja ni 2/3. Hoja yake: kichwa kikitoka mara ya kwanza mchezo umekwisha, kwa hiyo matokeo ni matatu tu, yaani kichwa, simba kisha kichwa, simba kisha simba. Matokeo ni matatu kweli, ila la kwanza lina uzito wa 1/2 na mawili yaliyobaki 1/4 kila moja. Jibu sahihi ni 3/4. Chukua sarafu yako, rusha mara mbili mbili, rudia mara nyingi uweke alama kwenye daftari, utaona hesabu ikisogea kwenye robo tatu.

Hatua ya 3: Taja tukio, kisha angalia kinyume chake

Tukio ni kundi la matokeo unayoulizwa. "Mtoto hana ugonjwa" ni AA, AS na SA, sawa na 3/4. Ungeweza pia kuanzia upande wa pili: nafasi ya kuwa na ugonjwa ni 1/4, basi kinyume chake ni 1 − 1/4 = 3/4.

Kila unapoona neno "angalau mmoja", fikiria kinyume kwanza. Kinyume cha "angalau mmoja" ni "hakuna hata mmoja", na karibu mara zote hicho ndicho rahisi kuhesabu.

Hatua ya 4: "Au" inajumlisha, lakini usihesabu kitu mara mbili

Changanya karata, vuta moja. Nafasi ya kuvuta ree au kopa ni ngapi? Ree ziko 4, kopa ziko 13. Anayekimbilia kujumlisha anapata 17/52. Sasa zitandaze mezani uzihesabu kwa mkono: ree ya kopa umeihesabu kwenye ree, ukaihesabu tena kwenye kopa. Iondoe mara moja: 4 + 13 − 1 = 16, jibu ni 16/52, yaani 4/13.

Kama matukio mawili hayawezi kutokea pamoja, kwa mfano mtoto mmoja kuwa AA na SS, hakuna cha kuondoa. Jumlisha tu.

Hatua ya 5: "Na" inazidisha, lakini uliza kwanza kama la kwanza limebadilisha la pili

Vuta karata mbili bila kurudisha ya kwanza. Nafasi ya zote mbili kuwa ree si 4/52 × 4/52. Ukishavuta ree moja zimebaki ree 3 ndani ya karata 51: 4/52 × 3/51 = 12/2652 = 1/221. La kwanza limebadilisha la pili.

Kwa watoto ni tofauti. Kila mimba huchota jeni upya, wala haijui kilichotokea kwenye mimba iliyopita. Haya ndiyo matukio huru, na kwa hayo unazidisha bila kubadilisha kitu: nafasi ya watoto wawili wote kuwa SS ni 1/4 × 1/4 = 1/16.

Hapa nakuomba utulie. Kuna kauli inayosikika mitaani, na wakati mwingine hata kwa watu waliosoma: "Sisi ni AS wote wawili, uwezekano ni mmoja kati ya wanne, na mmoja tumeshampata. Watatu wanaofuata watakuwa salama." Kauli hii ni ya uongo na ina madhara. Robo haimaanishi kwamba kati ya kila watoto wanne mmoja ametengwa. Mtoto wa pili ana 1/4. Wa tatu ana 1/4. Wa nane ana 1/4. Kuna familia za watoto watatu ambao wote ni SS, na kuna familia za watoto sita ambazo hazina hata mmoja. Ukitoka kwenye somo hili na jambo moja tu, litoke hili, kwa sababu siku moja utaulizwa na ndugu yako, si na mtahini.

Hatua ya 6: Ukipewa taarifa, punguza orodha

Swali: wazazi wote ni AS, kijana wao amepimwa na hana selimundu. Nafasi ya kuwa mbebaji ni ngapi?

Wengi hujibu 1/2. Rudi kwenye mraba. Taarifa kwamba hana ugonjwa inafuta chumba cha SS. Vimebaki vitatu: AA, AS, SA. Kati ya hivyo, viwili ni vya mbebaji. Jibu ni 2/3.

Huo ndio uwezekano wenye sharti, na kwa kiwango chako hauhitaji zaidi ya hapo: futa yasiyowezekana tena, kisha gawanya kwa kilichobaki. Fomula inasema jambo hilo hilo: (2/4) ÷ (3/4) = 2/3.

Hatua ya 7: Mpe X kazi yake kwa sentensi kamili

Kigeu nasibu ni kanuni inayobandika namba kwenye kila tokeo. Huwezi kujua X ni nani mpaka uandike sentensi. Kwa mfano:

X = idadi ya watoto wenye selimundu katika familia ya watoto watatu ambayo wazazi wote ni AS.

Sentensi hiyo ikikamilika, thamani zinajitaja zenyewe: 0, 1, 2, 3. Kwa kuwa unaweza kuziorodhesha moja moja, hiki ni kigeu cha kuhesabika. Uzito wa mtoto au muda wa kusubiri daladala si vya aina hii. Hupimwa, na vina mbinu zake utakazozikuta baadaye.

Tahadhari ya maandishi: X kubwa ni jina la kigeu, x ndogo ni thamani mojawapo. P(X = 2) inasomeka "uwezekano wa kigeu X kuwa 2". Ukiandika P(2) peke yake, msahihishaji hajui unazungumzia nini.

Hatua ya 8: Jenga jedwali

Tumia N kwa mtoto mwenye ugonjwa (1/4) na H kwa asiye nao (3/4). Orodhesha familia zote nane:

- HHH: 3/4 × 3/4 × 3/4 = 27/64
- NHH, HNH, HHN: kila moja 1/4 × 3/4 × 3/4 = 9/64
- NNH, NHN, HNN: kila moja 1/4 × 1/4 × 3/4 = 3/64
- NNN: 1/64

Sasa kusanya zenye N sawa:

| x | 0 | 1 | 2 | 3 |
|---|---|---|---|---|
| P(X = x) | 27/64 | 27/64 | 9/64 | 1/64 |

Jumlisha mstari wa chini kabla ya kufanya chochote kingine: 27 + 27 + 9 + 1 = 64. Imetimia 64/64. Jedwali lisilotimia 1 halitumiki; rudi nyuma. Kosa la kawaida ni kuandika 9/64 kwa x = 1 kwa kusahau kwamba mtoto mgonjwa anaweza kuwa wa kwanza, wa pili au wa tatu.

Jedwali likishasimama, maswali yote yanajibiwa kwa kusoma. Angalau mmoja? 1 − 27/64 = 37/64, karibu 0.578. Usipite haraka hapa: katika familia za namna hii zenye watoto watatu, zaidi ya nusu zina angalau mtoto mmoja mgonjwa, ingawa kila mtoto ana robo tu.

Hatua ya 9: Wastani unaotarajiwa

Zidisha kila x kwa uwezekano wake, kisha jumlisha:

E(X) = 0(27/64) + 1(27/64) + 2(9/64) + 3(1/64) = 48/64 = 0.75

Hakuna familia yenye robo tatu ya mtoto. Wastani huu unazungumzia familia nyingi kwa pamoja: ukichukua familia 400 za aina hii, tarajia watoto wapatao 300 wenye selimundu kati ya 1,200. Usikadirie 0.75 kuwa 1. Na usigawanye kwa 4 eti kwa kuwa jedwali lina safu nne. Mgawanyo umeshafanyika ndani ya uwezekano wenyewe.

Wastani huu huu ndio unaoonyesha mikeka ya kubeti inakopeleka fedha. Tuseme mkeka una mechi tano, kila moja ina odi 1.8, na kila ubashiri una nafasi ya 1/2 bila kutegemea mwingine. Dau ni shilingi 1,000. Ukishinda zote unalipwa 1,000 × 1.8 mara tano mfululizo, yaani karibu 18,896. X ni faida yako:

| x | +17,896 | −1,000 |
|---|---|---|
| P(X = x) | 1/32 | 31/32 |

E(X) = (17,896 − 31,000)/32, karibu −410. Kila shilingi 1,000 inapoteza 410 kwa wastani. Kwa mechi moja yenye odi hiyo hiyo ungepoteza 100: unalipwa 1,800 kwa nafasi ya nusu, sawa na 900. Kurundika mechi kunakuza namba ya malipo machoni, huku kukiongeza hasara kwenye wastani. Namba ni za mfano, lakini kanuni iko hivyo popote odi inapokuwa ndogo kuliko inavyostahili.

Hatua ya 10: Mtawanyiko

Mtawanyiko unapima thamani za X zinavyosambaa kuzunguka wastani: ni E(X²) ukitoa kipeo cha pili cha wastani. Ongeza mstari wa x² kwenye jedwali: 0, 1, 4, 9. Kisha:

E(X²) = (27 + 4 × 9 + 9 × 1)/64 = 72/64 = 1.125

Mtawanyiko = 1.125 − (0.75)² = 1.125 − 0.5625 = 0.5625

Mkengeuko sanifu ni kipeuo cha pili chake: 0.75. Kufanana na wastani ni sadfa ya namba hizi tu, usiifanye kanuni. Makosa mawili ya hatua hii ni kusahau kuupa wastani kipeo kabla ya kutoa, na kuupa uwezekano kipeo badala ya x.

Hatua ya 11: Sasa chukua njia ya mkato

Kwa watoto watatu uliandika familia nane. Kwa watoto kumi zingekuwa 1,024. Hapo ndipo fomula ya binomia inapostahili kuitwa:

P(X = k) = nCk × p^k × (1 − p)^(n − k)

Hapa n ni idadi ya majaribio (watoto), k ni idadi ya wenye ugonjwa, p ni uwezekano wa kila mmoja kuwa nao. nCk (kitufe kile cha nCr) inahesabu mipangilio, na vipande viwili vinavyofuata ni uzito wa mpangilio mmoja. Jaribu n = 3, k = 1, p = 0.25: 3 × 0.25 × 0.5625 = 0.421875, ambayo ni 27/64 ile ile ya kwenye jedwali. Kwenye Excel andika =BINOM.DIST(1,3,0.25,FALSE) na utapata jibu hilo. Wastani unakuwa np, mtawanyiko np(1 − p).

Kabla ya kuitumia, hakikisha mambo manne: idadi ya majaribio imepangwa tangu mwanzo, kila jaribio lina majibu mawili tu, p haibadiliki, majaribio ni huru. Karata zisizorudishwa zinaanguka kwenye p. Mapacha wa kufanana wanaanguka kwenye uhuru, kwa kuwa wanabeba jeni zile zile: mmoja akiwa SS, mwenzake naye ni SS.

Jibu likigoma

*Uwezekano umezidi 1.* Umejumlisha matukio yanayoingiliana bila kuondoa sehemu ya pamoja. Rudi hatua ya 4.

*Mtawanyiko umetoka hasi.* Haiwezekani. Ama umesahau kipeo kwenye x, ama jedwali halijumlishi 1.

*Wastani uko nje ya thamani za X.* Kama X ni 0 hadi 3 na wewe umepata 3.4, kuna kosa kwenye kuzidisha.

*Jibu liko karibu na la kitabu lakini si lenyewe.* Mara nyingi umesoma vibaya maneno. "Angalau 2" ni X ≥ 2. "Zaidi ya 2" ni X > 2. "Si zaidi ya 2" ni X ≤ 2. "Chini ya 2" ni X < 2. Kwenye jedwali letu majibu yake ni 10/64, 1/64, 63/64 na 54/64. Neno moja, tofauti kubwa hivyo.

*Huelewi kama matukio ni huru au hayatokei pamoja.* Wengi hudhani ni kitu kimoja, wakati karibu ni kinyume. Kama mawili hayawezi kutokea pamoja, basi kujua moja limetokea kunakuambia jingine halipo, kwa hiyo si huru hata kidogo.

Mazoezi ya kujipima

1. Baba ni AS, mama ni AA. Nafasi ya mtoto kuwa SS ni ngapi? Kuwa AS?
2. Baba ni AS, mama ni SS. Nafasi ya mtoto kuwa SS?
3. Wazazi wote ni AS, watoto wanne, hakuna mapacha. Nafasi ya angalau mmoja kuwa SS? Wastani unaotarajiwa?

Majibu: (1) 0, na 1/2. (2) 1/2. (3) 1 − 81/256 = 175/256, karibu 0.684; wastani ni 1. Kama la tatu umepata 1 kwa uwezekano, umechanganya wastani na uwezekano: rudi hatua ya 8 uandike jedwali la watoto wanne kwa mkono, familia zote kumi na sita.